Ini la Zainabu

Mwaka 1956, kiangazi kiliposhika na barabara ya kupandia Fizi ikawa vumbi tupu, waliitwa watu wanne wa mikroskopi kutoka vituo mbalimbali waje kusoma huko kwa wiki sita. Mmoja wao alikuwa Uledi Saleh wa Baraka. Kazi yake ilikuwa kutafuta wadudu wa malale katika majimaji ya tezi za shingo. Miaka saba alizunguka kijiji kwa kijiji na sanduku lake, akainama juu ya lenzi tangu asubuhi mpaka mgongo ukakakamaa, na mdudu akiwepo kwenye tone, Uledi alimwona. Wazungu wa kazi walimsifu macho. Kichwa chake hakuna aliyekiulizia.

Mwalimu wao alikuwa Docteur Claes, aliyeletwa kutoka maabara ya Bukavu. Hakuwa mtu wa matusi. Aliwapa mkono wanafunzi wake kila asubuhi, jambo ambalo wengi wa rangi yake hawakulifanya, na Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa kwa miaka kumi na mmoja ya kukaa nchini.

"Mpaka leo muliangalia damu na maji ya tezi," aliwaambia siku ya kwanza. "Sasa mutaangalia mwili yenyewe. Mwili ya muntu iko na tissu ine."

Wakatazamana. Tissu walilijua kuwa ni neno la dukani, la vitambaa vya kushona nguo za wanawake. Placide, mtu wa Kilembwe, mcheshi, akauliza kama hizo nne zinauzwa kwa yadi. Wote wakacheka, Claes naye akacheka, kisha akasema, "Ni vile tu. Mwili ni vitambaa vine, vimeshonwa pamoja."

Akavieleza kimoja kimoja kwa siku kadhaa. Kiko kitambaa cha kufunika, ndicho ngozi ya nje na utando wa ndani ya kinywa na matumbo, chembe zake zimebanana kama matofali bila hata nafasi ya sindano. Kiko cha kushikilia, kinachojaza na kufunga, na humo mna mafuta, mna kano, mna mfupa. Damu pia ni ya ukoo huo, na hilo Uledi, aliyekuwa ameangalia damu maisha yake yote, hakuwahi kuliwaza. Kisha msuli: ule wa mkono una mistari, ule wa tumbo hauna, na moyo una wake wa peke yake usiochoka. Na mwisho ni kitambaa cha fahamu, chembe zenye mikia mirefu zinazopelekeana habari.

Akawafundisha na kazi ya mikono. Walinunua figo ya mbuzi sokoni, wakaikata vipande vidogo kama punje za mahindi. Kipande kinalala katika formoli kisioze. Kinapitishwa katika alkoholi moja baada ya nyingine mpaka maji yote yatoke. Kinazamishwa katika nta ya moto, nta ikiganda unapata kijiwe cheupe chenye nyama ndani. Kijiwe hicho unakifunga kwenye mashine yenye kisu kikali, unazungusha mkono wa mashine polepole, na nyama inatoka mikato myembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Mkato unauelekeza kwenye maji ya uvuguvugu ukunjuke, unauopoa kwa kioo, halafu rangi: zambarau kwa viini vya chembe, waridi kwa kinachobaki.

Uledi aliipenda kazi hiyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na wiki ya pili Claes alimwachia mashine peke yake akaenda zake kuvuta sigara. Jioni alitembea kwenye kilima cha Fizi akijiambia kwamba maisha yake yote alikuwa amesimama mlangoni, na sasa ameingia nyumbani. Ilikuwa furaha ya kweli, na ndiyo iliyomwuma sana baadaye.

Wiki ya tatu lilifunguliwa sanduku la vioo vilivyotengenezwa Bukavu. Kila mwanafunzi alipewa kioo kimoja achore anachokiona. Uledi alipewa ini. Akageuza kijioo cha chini kielekee dirishani, akaanza na lenzi ndogo, akashusha, akapandisha, picha ikatulia. Akaweka lenzi kubwa. Chembe zilijipanga safu kwa safu, zote zikielekea mshipa mmoja katikati, kama njia za mashambani zinazoelekea soko moja. Alichora kwa saa nzima, na haukuwahi kutoka mchoro mzuri kama ule. Alipomaliza akakitoa kioo ili anakili maandishi yake juu ya karatasi.

Pembeni pa kioo palibandikwa kijikaratasi chenye wino wa zambarau: *Foie. Baraka. F, 26 a. 14-3-53. V 117.*

Akasoma mara ya pili. Ini. Baraka. Mwanamke, miaka ishirini na sita. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka hamsini na tatu.

"Docteur," akasema, "hii V iko nini?"

Claes alifurahi kuulizwa. Akavuta droo, akatoa kitu cha chuma, bomba lenye urefu wa kiganja, ncha kali, na ndani yake kisu cha kusukumwa kwa kidole. "Viscérotome. Muntu akikufa na homa ndani ya siku kumi, infirmier anaingiza hii hapa, chini ya mbavu ya kuume. Inakata kipande kidogo ya ini. Halafu mishono mbili, basi. Dakika tatu. Ni sheria, juu ya homa ya manjano. Kama homa hiyo iko pahali fulani, ini itatuonyesha."

"Na batu ba nyumba ya marehemu? Banaulizwa?"

"Banaulizwa nini? Amekwisha kufa."

Mishono miwili. Uledi alikuwa ameiona kwa macho yake.

Dada yake Zainabu alifariki tarehe hiyohiyo katika dispensari ya kando ya ziwa, homa ya siku sita. Uledi alikuwa safarini na sanduku lake, akafika maiti ikiwa imekwisha kurudishwa nyumbani. Wanawake walipoanza kumwosha, mama yake alimwita Uledi nyuma ya pazia, akafunua kitambaa ubavuni, akamwonyesha. Kidonda kidogo chini ya mbavu za kulia, kimeshonwa kwa uzi mweusi, mara mbili.

Miaka ile watu wa pwani ya ziwa walikuwa wanazungumza sana habari za batumbula, watu ambao, ilisemekana, wanapasua wenzao na kuwauza kwa Wazungu. Kwa hiyo kidonda kilipoonekana hakuna aliyeuliza ni cha nini. Waliuliza nani ameuza.

Jibu lilikuwa karibu. Zainabu alikuwa na rafiki, Pulchérie, Mbembe, Mkatoliki, walikuwa wakiuza samaki wa kukaushwa pamoja tangu Zainabu alipoachwa na mumewe. Pulchérie ndiye aliyembeba mgongoni mpaka dispensari. Ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho. Hakuwepo ndugu mwingine. Kesi ikapelekwa kwenye tribunali ya shefu, na infirmier wa dispensari, muuguzi aitwaye Anatole, akaitwa. Akaulizwa kama alimkata marehemu. Akasema, "Mi nilimupa quinine. Ingine sijue." Pulchérie aliapa kwa msalaba na kwa jina la mtoto wake aliyekufa. Kisha akasimama Uledi, mtu mwenye shati jeupe la kazi, mtu aliyesoma, akasema maneno ambayo kila mmoja alikuwa akiyangoja: "Ni yeye peke yake alikuwa mule ndani."

Shefu akatoa hukumu Pulchérie aondoke Baraka. Siku hiyohiyo Uledi na binamu zake wawili walipanda juu ya nyumba yake, wakaibomoa paa. Pulchérie aliondoka na mkeka na sufuria, akaenda Lulimba kwa kaka yake aliyekuwa anachimba dhahabu. Uledi alilala vizuri usiku ule. Hilo alilikumbuka sasa, mbele ya dirisha la Fizi.

"Docteur, kila numero iko na kitabu?"

"Lazima. Bila kitabu hakuna siansi." Claes akafungua daftari kubwa, akateremsha kidole. Aliona fahari ya daftari lake. *117. Zainabu binti Saleh, Baraka. Opérateur: Anatole. Résultat: négatif.* Aliyekata ni Anatole, na homa ya manjano haikuonekana.

"Huyu ni dada yangu," Uledi akasema.

Placide aliweka kalamu chini. Claes akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikujua, Uledi. Pole."

"Jina iko hapa. Uliandika jina."

"Hii kazi inaponyesha batu elfu na elfu. Weye unaelewa. Weye unajua mikroskopi."

"Mungetuambia. Mama yangu labda angekatala, labda angekubali. Hamukumuuliza, sasa hakuna mutu atajua."

"Tukiuliza, bote banakatala."

"Basi mulijua ni kitu mutu anakatala."

Claes akafunga daftari. Sauti yake ikabadilika. Uledi akamwomba karatasi moja tu, yenye sahihi, iseme kilichofanyika, kwa sababu kuna mwanamke aliyefukuzwa nyumbani kwake kwa kosa hilo. Claes akasema haiwezekani. Msimamizi wa teritwari, mkubwa wa serikali pale Fizi, hataki fujo. Ukiandika karatasi kama hiyo, kesho pwani nzima itapiga kelele za batumbula, na Uledi, mtu wa siansi, anajua vizuri kwamba batumbula hawako.

"Bako," Uledi akasema. "Nilikuwa sijue. Bako na banaandika kila kitu na wino ya zambarau."

Akakizungushia kile kioo mchoro wake, akakitia mfukoni mwa shati.

"Ukitoka na hiyo, certificat hakuna, na kazi pia hakuna. Iko mali ya maabara."

"Kama iko mali yenu, niambie mulinunua kwa nani."

Alingoja jibu, kwa sababu alitaka kweli kulisikia. Hakulipata, akatoka.

Aliteremka Baraka juu ya lori la mihogo, na njia nzima alirudia zile hatua kichwani. Formoli isioze. Alkoholi mpaka maji yatoke. Nta ya moto. Kila jambo alilolifanya kwa mkono mwepesi juu ya figo ya mbuzi lilikuwa limefanyika kwa Zainabu, na yeye alikuwa ameinama juu yake saa nzima akisifu uzuri wa safu.

Anatole alikuwa anakula chakula cha mchana, fufu na dagaa, nyuma ya dispensari. Mtu mzima, kichwa cheupe. Uledi aliweka kioo mbele ya sahani yake.

"Papa Anatole, soma."

Anatole alisoma, akanawa mikono polepole, ingawa alikuwa hajashiba. "Nilikatazwa kusema."

"Ulisimama kwenye tribunali."

"Niko na batoto munane, Uledi. Balisema nikifungua kinywa, ni gereza."

"Na Pulchérie alikuwa na nyumba."

Anatole akasema, kwa sauti ndogo, kwamba nyumba ile si yeye aliyeibomoa.

Uledi alimkamata ukosi, akamwinua kutoka kwenye kigoda, akarudisha mkono nyuma ampige. Mzee hakujikinga. Alimtazama tu kama mtu anayengoja kulipa. Na mkono wa Uledi ukabaki hewani, kwa kuwa neno lile lilikuwa la kweli na hakuna kofi lingelifuta. Akamwachia. Alimchukia zaidi kuliko mwanzo.

"Utasema," akamwambia. "Mbele ya shefu."

"Batanifukuza."

"Mi nilifukuzwa leo asubui. Nimesimama, unaniona."

Siku mbili baadaye alikuwa Lulimba. Aliulizia kwa wachimba dhahabu, akaonyeshwa nyumba ya nyasi kando ya barabara. Pulchérie alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimeingia mvi. Alimwona, akamtambua, hakumpa kiti, hakuacha kutwanga.

"Yaya," Uledi akasema, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita zamani, kama dada mkubwa. Akaeleza yote wima, juani, juu ya mlio wa mchi. Alipofika kwenye jina la Anatole, mchi ukasimama.

"Leta hiyo kioo."

Akampa. Pulchérie akakiinua kwenye mwanga wa jua. Katikati palikuwa na doa la waridi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

"Hii tu?"

"Hii tu, yaya."

Pulchérie akakishusha. "Nilikaa naye mpaka roho ikatoka," akasema. "Nilimufunga macho. Halafu Anatole akaniambia, mama, toka inje kidogo nimusafishe. Nikatoka. Miaka mitatu najiuliza nilitoka juu ya nini. Hata mi nilianza kufikiri labda nilimuuza bila kujua, kwa kutoka tu."

"Yaya, ile siku nilikuwa na hasira..."

"Hasira yako ilijua njia ya kwangu. Ya dispensari haikuijua. Na weye ulikuwa unafanya kazi na bale bale, unavaa shati yao. Ungeuliza. Uliogopa bale, mi hukuniogopa. Ni ile tu."

Uledi alikuwa amekuja na pole yake tayari, ameipanga njia nzima, na sasa hakuona mahali pa kuiweka.

"Sitaki pole," Pulchérie akasema, kana kwamba ameisikia. "Utaniita mbele ya batu balebale, pahali palepale. Anatole atasema yake. Halafu weye utasema mikono ya nani ilibomoa nyumba. Na majina utataja." Akamrudishia kioo, akainua mchi. "Sasa uende. Batu ba hapa hawajui ile habari, sitaki bajue leo."

Kesi ilisikilizwa siku ya soko, na uwanja ulijaa. Placide, aliyepelekewa habari na Uledi, aliteremka kutoka Fizi na mikroskopi ya masomo ndani ya gunia la mkaa, akijua wazi kwamba akikamatwa kazi imekwisha. Akaiweka juu ya meza ya karani. Anatole alisimama akasema, kwa maneno machache, jinsi alivyomtoa Pulchérie nje, jinsi alivyotumia chuma, jinsi alivyoshona. Hakulia, hakujitetea. Wazee wakapita mmoja mmoja kuangalia kwenye lenzi. Mmoja aliuliza kama huyo ni Zainabu, na Uledi akasema ni ini lake. Mzee akajifuta mikono kwenye kanzu ingawa hakuwa amegusa kitu.

Mama yake Uledi alikataa kuangalia. "Mi nilimujua mutoto wangu na sura," akasema. "Hii muipatie kaburi."

Shefu alikuwa hakai sawa kwenye kiti. Akasema jambo hili limekuwa la serikali, si la tribunali, lililopita limepita, na kwa upande wake amri ya kumfukuza mwanamke ameiondoa. Akataka kuinuka.

"Bado, shefu," Uledi akasema. Akawageukia watu. Akasema ni yeye aliyetoa ushuhuda juu ya jambo asilolijua. Akasema ni yeye aliyepanda juu ya nyumba na kuibomoa, akataja binamu zake kwa majina, na wote wawili walikuwepo, mmoja akainamisha kichwa, mwingine akaondoka akitukana. Sauti ya Uledi ilikuwa inatetemeka, na waliokuwa karibu walidhani ni machozi. Ilikuwa hasira, na sehemu kubwa yake ilikuwa inamrudia mwenyewe.

Pulchérie alisimama mwisho. Hakumshukuru mtu. "Kiwanja yangu iko wapi?" akauliza.

Kiwanja kilikuwa kimepewa mpwa wa shefu. Shefu akasema atafikiri. Pulchérie akatandika mkeka wake mbele ya ofisi, akaketi. Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza wanawake wa soko walimpita kando. Siku ya pili mama yake Uledi alikuja na sahani ya wali na samaki, akaketi naye mkekani, wakala kutoka sahani moja, na watu wote waliona. Siku ya tatu walikuwa wanawake kumi na wawili. Asubuhi iliyofuata karani alitoka na kamba ya kumpimia kiwanja kingine.

Kioo kilizikwa kando ya kaburi la Zainabu, ndani ya kipande cha sanda. Katika lile sanduku la Bukavu huenda vilikuwepo vingine vya nambari hiyohiyo, na daftari bado lina jina lake. Uledi alilijua hilo.

Wiki ile ile polisi alileta barua mbili kutoka Fizi. Ya kwanza ilimwachisha kazi. Ya pili ilimtaka afike mbele ya msimamizi kujibu juu ya wizi wa mali ya serikali na kuchochea watu. Zilimkuta kwenye kiwanja kipya cha Pulchérie, amevua shati, anachimba mashimo ya nguzo. Pulchérie ndiye aliyemwambia achimbe. Hakumwambia zaidi ya hapo, wala hakuwahi kumwita tena kwa jina la udugu.

"Banakuita lini?" akamwuliza, amesimama na kamba mkononi.

"Juma tatu hii."

"Utawaambia nini?"

"Nitabauliza ile niliyomuuliza docteur, ile ini balinunua kwa nani. Hajanijibu bado."

Pulchérie akavuta kamba mpaka pembe ya kiwanja, akaweka alama kwa kisigino. "Hapa pia," akasema. "Na uchimbe chini sana, hii udongo iko na muchanga."

Uledi akaikunja barua, akaiweka juu ya shati lake, akashika tena sepetu.